Spea za Bei Chee Ndani ya Injini ya Zamani: Jinsi ya Kuzikagua Kabla Hujafunga

Tapeti nane, vile vyuma vidogo vinavyosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke, zilinigharimu injini nzima. Zilikuja zimeviringishwa vizuri kwenye karatasi ya mafuta, boksi lina jina ninalolifahamu tangu naanza kushika spana, na kila moja iliteleza kwenye tundu lake bila kukwama. Niliwasha, injini ikatulia, nikafurahi. Siku ya tatu ikaanza kugonga juu. Nikarekebisha valvu, kelele ikaisha. Iliporudi ndani ya wiki hiyohiyo nilijua nimeshachelewa: nundu mbili za kamshafti zilikuwa zimelika mpaka kubaki duara, na unga wa chuma umeshapita pampu ya oili na kuzichora beringi zote za krenki. Tapeti zilikuwa laini. Muuzaji ana kosa lake. Langu ni kwamba tupa ilikuwa mezani siku ile na sikuigusa.

Mwongozo huu ni kwa anayefanya ovahoo ya injini ya zamani, ya pushirodi (fimbo zinazopeleka msukumo wa tapeti hadi kwenye valvu), kabureta na pointi, akiwa hana tena uhakika wa kupata spea za kiwanda kilichoiunda.

Kwanza tuache kulaumu nchi

Wapo mafundi ambao wakisikia spea imeagizwa kutoka nje wanakunja uso. Hilo halisaidii, kwa sababu spea nyingi za injini hizi, nzuri na mbaya, zinavuka mipaka, na kiwanda kinachotoa pistoni mbovu kinaweza kutoa pistoni nzuri kwa mteja anayelipia ukaguzi. Kinachopunguzwa ili bei ishuke mara nyingi hakionekani kwa macho: aina ya chuma, namna kilivyopashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu, na mtu wa kupima kila spea na kuzitupa zilizokosewa. Umbo ni rahisi kuiga. Tena ukichukua spea iliyotumika ukaipima na kuitolea nakala, unanakili na ulikaji wake.

Injini za zamani zinaumia zaidi kwa sababu wanunuzi ni wachache. Injini ya BMC A-series, ile ya Mini za Uingereza, ilitengenezwa kuanzia 1951 hadi 2000, na Volkswagen Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Kwa injini maarufu za aina hiyo bado wapo watengenezaji wanaoshindana. Ukienda kwenye injini adimu, unaweza kukuta wauzaji watano wenye maboksi matano tofauti, na ndani yake ni spea ileile moja. Majina ya kampuni za zamani nayo huuzwa na kukodishwa, kwa hiyo nembo aliyoiamini babu yako huenda leo imepigwa juu ya kitu ambacho kampuni ile haikuwahi kukigusa. Ndiyo maana “rahisi ghali” haitoshi kukulinda hapa. Ghali nayo inaweza kuwa ileile rahisi iliyovalishwa boksi zuri.

Hatua ya 1: Jiulize, ikifa itakufa na nani?

Kabla ya kuorodhesha bei, orodhesha madhara. Kondensa ikifa, gari linazima na unafunga nyingine kwa dakika kumi. Oili sili ikivuja, utachafua sakafu na kunung'unika. Lakini bolti ya konrodi ikikatika, konrodi inatoboa bloku, na bloku ya injini ya zamani huwezi kuipata kirahisi.

Kundi la wauaji ni hili: bolti za konrodi na za silinda hedi, valvu na siti zake, springi za valvu, pistoni, beringi, kamshafti, tapeti, mnyororo wa taiming na pampu ya oili. Hosi ya petroli naiweka humo pia, maana yenyewe inaweza kuunguza gari zima. Kwenye kundi hili usikubali spea ambayo hukuweza kuipima au kujua aliyeitengeneza. Ubahili wako upeleke kwenye vifuniko, klipu na vibandiko.

Hatua ya 2: Usitupe kuukuu mapema

Spea ya kiwandani iliyotumika lakini bado iko ndani ya kipimo ni bora kuliko mpya usiyoijua. Weka kila ulichofungua kwenye mfuko wenye lebo. Krenki inaweza kusagwa hadi andasaizi inayofuata, yaani kipimo kidogo zaidi, kwa kawaida kwa ngazi za milimita 0.25. Kamshafti na tapeti za awali zinaweza kupelekwa kwa fundi mashine azichonge upya. Pampu ya oili ya zamani mara nyingi inahitaji tu kifuniko kusawazishwa na nafasi ya gia kupimwa. Konrodi zilizokaguliwa nyufa na kunyooshwa zinarudi kazini.

Kuna pia spea za zamani ambazo hazijawahi kutumika, zile zilizosahaulika stoo miaka mingi. Kwa vitu vya chuma ni bahati kubwa, mradi ukague kutu. Kwa mpira, sili ya nguo au gasketi ya karatasi, zikwepe: zimekauka hata kama boksi halijafunguliwa.

Hatua ya 3: Nunua mapema, pima mapema

Kosa linalowakamata wengi ni kununua spea zote, kuziweka kando miezi sita zikisubiri bloku irudi kutoka kwa fundi mashine, kisha kugundua kasoro muda wa kurudisha mzigo umepita. Zifungue siku zinapofika. Muulize muuzaji maswali matatu kabla ya kulipa: nani ameitengeneza, ni chuma gani, na kwa zile zinazosuguana, ugumu wake ni kiasi gani. Anayejua spea zake atajibu, au atakwenda kuuliza. Anayekujibu kwa kuisifia boksi amekujibu tayari.

Soma pia masharti ya dhamana. Kwa kawaida inarudisha thamani ya spea iliyoharibika tu. Kamshafti, beringi na muda uliopotea ni vya kwako.

Vifaa unavyohitaji si vingi: maikromita, geji ya kupimia ndani ya silinda, fila geji, mizani inayosoma gramu moja, sumaku, tupa nzuri na kioo cha kukuzia. Kalipa ni nzuri kwa kuchuja makosa makubwa, lakini usiitegemee kwenye beringi. Nafasi yote ya oili unayoitafuta pale ni kama milimita 0.05, na kalipa ya kawaida inaweza kukosea karibu nusu ya hiyo.

Hatua ya 4: Kamshafti na tapeti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo injini nyingi zilizofungwa kwa uangalifu zinapofia, na ni rahisi kukosea ukidhani kazi ya tapeti ni kupanda na kushuka tu.

Kwenye injini nyingi za pushirodi, uso wa tapeti unaogusa nundu si bapa kabisa. Una mbinuko mdogo sana, takriban milimita 0.05 katikati. Nundu ya kamshafti nayo imechongwa na mwinamo mdogo upande mmoja. Vitu hivyo viwili vinaifanya tapeti izunguke kila inaposukumwa, ili isisuguliwe sehemu moja tu. Tapeti isiyozunguka inakatwa na nundu, na nundu inakatwa na tapeti.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Chukua tapeti mbili, zisimamishe uso kwa uso, uzielekeze kwenye mwanga. Zinapaswa kugusana katikati na kuyumba kidogo, mwanga ukipenya pembeni. Zikikaa kimya kama bilauri mbili zilizopinduliwa, ni bapa, au mbaya zaidi zimebonyea. Angalia kwanza kitabu cha ufundi cha injini yako, maana zipo chache zilizotakiwa kuwa bapa tangu mwanzo.

Jaribio la pili ni ugumu. Uso wa tapeti ya chuma cha kusubu unatakiwa kuwa kwenye eneo la 55 hadi 60 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C. Tupa nzuri ina ugumu wa 60 hadi 65 hivi. Ipitishe kidogo sana kwenye ukingo wa uso: ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma ni kigumu, ikishika na kutoa unga, rudisha zote. Tupa haikupi namba, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi peleka moja kwa fundi mwenye mashine ya Rockwell. Jaribio linaacha kidonda kwenye uso, basi nunua ya ziada ya kutoa kafara.

Zipake mafuta mazito ya kufungia injini, si oili ya kawaida, na hakikisha kila tapeti inazunguka kwa kidole ndani ya tundu lake. Ukibadilisha kamshafti badilisha na tapeti zote. Tapeti zilizozoea nundu fulani hazihamishwi, hata nafasi ya jirani.

Oili nayo ina kesi hapa. Kinga ya tapeti hizi ni ZDDP, kiambato chenye zinki na fosforasi. Kwa kuwa fosforasi inaharibu kichujio cha moshi cha magari ya kisasa, viwango vya oili vimekuwa vikiipunguza. Kiwango cha API SM, kilichoanza 2004, kiliweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 kwa oili nyepesi. Tapeti nzuri inaweza kustahimili oili dhaifu kwa muda, na tapeti hafifu inaweza kuponea kwenye oili nzuri. Ukikutanisha hafifu na dhaifu, dakika ishirini zinatosha kuiua kamshafti. Tafuta oili ya magari ya zamani inayotaja kiasi cha zinki, karibu sehemu 1,000 hadi 1,200 kwa milioni, na usijimiminie chupa za nyongeza ukidhani ikizidi inafaa zaidi.

Hatua ya 5: Pistoni na ringi

Usimpe fundi mashine bloku na karatasi iliyoandikwa “ovasaizi”, yaani silinda itanuliwe kwa ajili ya pistoni kubwa zaidi. Mpe pistoni zenyewe. Pistoni za bei chee zinaweza kutofautiana ndani ya seti moja, na silinda inachongwa kuifuata pistoni, si boksi. Pima kipenyo kwenye sketi, nyuzi 90 kutoka kwenye pini, kwa urefu uliotajwa na mtengenezaji.

Zipime zote nne au sita kwenye mizani pamoja na pini zake. Tofauti ya gramu moja au mbili haina shida. Ikifika nane au kumi mtetemo utausikia. Kisha pima umbali kutoka katikati ya tundu la pini hadi juu ya pistoni. Hiki ndicho kipimo wanachokikosea waigaji: pistoni ikiwa fupi kwa milimita moja, mgandamizo unashuka na injini inakuwa mvivu bila sababu utakayoiona, ikiwa ndefu, inaweza kugonga hedi. Pistoni nyingi pia zina pini iliyosogezwa kidogo pembeni ili kupunguza kelele, kwa hiyo alama ya mbele ifuatwe. Alama isipokuwepo, rudisha.

Ringi isukume ndani ya silinda kwa kutumia pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kama milimita 25 kutoka juu. Pima mwanya kwa fila geji. Kwa injini ya kawaida isiyo na tabo, milimita 0.3 hadi 0.4 kwa kila milimita 100 za kipenyo ni eneo zuri, hivyo silinda ya 80 ni 0.24 hadi 0.32. Mwanya mdogo unaongezwa kwa tupa; mkubwa hauna dawa. Ukiwa hapohapo weka taa chini ya silinda. Mwanga ukionekana kuzunguka ringi kwenye silinda iliyochongwa upya, ringi si duara.

Hatua ya 6: Beringi

Beringi nzuri za zamani zilikuwa na tabaka tatu: mgongo wa chuma, shaba yenye risasi, na juu yake ngozi laini ya metali ya aina aliyoibuni Isaac Babbitt mwaka 1839. Ulaini huo una kazi: kichembe cha uchafu kinazama humo badala ya kukwaruza shingo ya krenki. Beringi nyingi za leo ni za aluminiamu, ngumu zaidi. Si mbaya, ila zinataka oili safi na krenki iliyong'arishwa vizuri.

Safisha, funga beringi bila krenki, kaza kwa spana ya toki, kisha pima ndani kwa wima na kwa mshazari. Toa kipenyo cha shingo. Kanuni ya mkononi ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo: shingo ya milimita 50, nafasi 0.05. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Uzi wa Plastigage, ule wa plastiki laini unaobonyezwa ili upana wake uonyeshe nafasi, unasaidia kuhakiki, ila hauonyeshi kama beringi ni duara.

Halafu legeza bolti moja ya kifuniko. Pengo dogo linapaswa kufunguka upande huo, kwa sababu beringi hukatwa ndefu kidogo kuliko nyumba yake ili ibanwe isizunguke. Pengo lisipofunguka, beringi ni fupi na siku moja itazunguka na kuziba tundu la oili. Angalia na matundu hayo kama yanakutana na ya bloku. Niliwahi kukuta tundu limezibwa karibu nusu kwenye seti iliyopimika vizuri kila mahali pengine.

Hatua ya 7: Valvu, siti na springi

Sumaku ifanye kazi sasa. Chuma cha 21-4N, chenye kromiamu kama asilimia 21 na nikeli kama 4, hakishikwi na sumaku. Muuzaji akikuambia valvu ya ekzosi ni 21-4N na sumaku inang'ang'ania kichwa chake, si kweli. Shina linaweza kushikwa bila kosa, kwani wengi huunga shina la chuma kingine ili ncha ipate ugumu. Kwenye muungo huo ndipo valvu mbovu inapokatikia, kwa hiyo pitisha kioo cha kukuzia na ukucha.

Siti ngumu zilianza kuhitajika petroli yenye risasi ilipoondoka sokoni. Nchi ya mwisho kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, iliyoacha mwaka 2021. Hatari ya siti chee ni kipenyo cha nje. Ikiwa ndogo kwa vijisehemu vya milimita, itaingia kirahisi, itakaa injini ikiwa baridi, na itachomoka kwenye hedi ya aluminiamu ikipata moto. Fundi apime kila siti kabla ya kuchonga makao yake.

Springi zipimwe urefu zikiwa huru, kisha kani yake kwenye urefu wa kufungwa. Zikipishana sana ndani ya seti, usichague zilizo nzuri. Rudisha zote.

Hatua ya 8: Bolti

Bolti ya 8.8 ina maana: 8 ni nguvu ya kukatika ya megapaskali 800, na .8 inasema itaanza kunyooka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hiyo, yaani 640. Namba kichwani ni ahadi tu. Marekani ilifikia kutunga sheria mwaka 1990 baada ya bolti feki zenye alama halali kusambaa viwandani. Bolti isiyo na alama ya mtengenezaji pembeni ya namba usiikaribishe kwenye konrodi. Za konrodi nunua kwa mtengenezaji anayetoa kipimo cha kunyooka, na ukaze kwa kufuata kipimo chake.

Hatua ya 9: Gasketi, sili na hosi

Ilaze gasketi ya hedi juu ya bloku na uangalie kila tundu. Ukiwa umechonga ovasaizi, hakikisha duara la chuma halichungulii ndani ya silinda. Likichungulia litawaka moto na kuwasha petroli kabla ya plagi.

Hosi za petroli zinadhurika na ethanoli, na petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli sasa ni ya kawaida sehemu nyingi. Uingereza iliifanya ya msingi Septemba 2021. Tafuta maandishi ya SAE J30 R9, kiwango cha hosi za petroli. Maandishi nayo yanaigwa, hivyo kata kipande, kitumbukize kwenye chupa ya petroli kwa wiki moja, kisha kipime na kukikunja. Kikivimba, kikilainika au kikipasuka, umeokoa gari.

Hatua ya 10: Umeme wa kuwashia

Hapa spea mbovu haiui injini, inakuua wewe kwa hasira. Kondensa nyingi za pointi husoma mikrofaradi 0.18 hadi 0.25. Ipime ikiwa baridi, ipashe kwa kikaushia nywele, pima tena. Nyingi mbovu hufeli zikipata joto tu. Rota ipime kwa moto wenyewe: toa kifuniko cha distribyuta, shika waya wa koili kwa koleo yenye mpini wa mpira, milimita chache juu ya rota, fungua pointi. Cheche ikiruka kuelekea rota, plastiki yake inavujisha umeme kwenye shafti. Ile ya zamani uliyoitoa huenda bado ni nzima. Irudishe.

Hatua ya 11: Kuwasha mara ya kwanza

Zungusha pampu ya oili kwa drili au kwa stata bila plagi mpaka geji ipande. Hakikisha taiming na petroli viko tayari, ili usipige stata muda mrefu ukifuta mafuta kwenye nundu. Ikiwaka, ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na uishikilie hapo dakika 20, ukiicheza kati ya 1,500 na 2,500. Usiiache idundedunde taratibu: tapeti zinapata oili inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi kitu. Ukisikia kugonga, zima.

Mwaga oili ikiwa bado ya moto na ukate filta kwa kisu cha filta. Kunjua karatasi juani, pitisha sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni wa ringi kuzoeana na silinda. Vipande vinavyometa na kushikwa na sumaku ni tapeti au nundu, na vya rangi ya shaba ni beringi. Rudia baada ya kilomita 500, ukipima tena nafasi za valvu kila moja na kuziandika. Ikipanuka moja tu, toa kifuniko cha pembeni uitazame tapeti hiyo kabla hujaiwasha tena.